Hakimu Mstaafu na Mgomba Uliotembea

Mara ya kwanza nilipoingia mahakamani nikiwa raia wa kawaida, nilisahau kusimama.

Bwana asifiwe, wanangu. Nimeanza na hilo ili mjue mapema kwamba anayewaandikia si mtu wa kuogopwa. Mmeapishwa juzi, mmepangiwa vituo, na baadhi yenu mlifika hadi hapa Kihanga kuniuliza kazi ya uhakimu ikoje na maisha baada yake yakoje. Siku ile niliwajibu nusu nusu, kwa sababu mke wangu alikuwa ameivisha ndizi na maharage, na mimi sijawahi kushindana na chungu kilichoiva. Sasa nimeshiba, nimeshukuru, na nina nafasi ya kuandika.

Nilikuwa nimestaafu miezi michache tu. Ndugu mmoja wa upande wa mke wangu alifariki, shauri la mirathi likafunguliwa, nikaitwa kutoa ushahidi katika mahakama ile ile ya mwanzo, njia ya Nkwenda, niliyoitumikia mwisho. Nikafika mapema, nikakaa benchi la mbele, miguu nimeikunja vizuri. Mlango wa nyuma ukafunguka, karani akaita, "Mahakamaaa," na watu wote wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa, nikiwatazama kwa upole, hata nikatabasamu kidogo. Miaka yote mwito ule ulimaanisha kwamba wao wanasimama na mimi naingia. Miguu yangu ilikuwa haijapata taarifa.

Karani yule nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Akaja taratibu, akaniinamia sikioni.

"Mzee, shikamoo," akanong'ona. "Simama."

Nikasimama kwa kasi mpaka kofia ikaanguka. Hakimu mpya, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, akazama katika karatasi zake asije akacheka mbele ya watu. Tulipotoka nje alikuja kuniamkia na kuniomba radhi, nami nikamwambia hakuna kosa: nje yeye ni mwanangu, ndani mimi ni shahidi, na siku akianza kuvichanganya hivyo viwili, aombe uhamisho.

Sasa, mlichoniuliza hasa ni hiki: sheria inamwachia nini hakimu aliyestaafu? Nitawaambia bila kuwachosha, maana vifungu mnavijua kuliko mimi. Ukifika umri, unakabidhi ofisi. Mashauri uliyoyaanza na hukuyamaliza anayachukua mwenzako, na ana wajibu wa kuwaeleza wahusika kwamba hakimu amebadilika. Hata kama hukumu nzima unayo kichwani, imepangika kama nyimbo za kwaya, kuanzia siku ile neno lako halina uzito kuliko la muuza nyanya wa gulio la Nkwenda. Sheria imefungua milango mingine. Wenye shahada wanaweza kuomba uwakili, wengine wanafundisha, wengine wanakuwa wasuluhishi. Mlango mmoja tu umefungwa, nao ni ule wa kusema "naamua hivi".

Mtaona ni jambo dogo. Subirini siku jirani atakapokuja kwenu na kuku kwapani, akisema hajaja kwa kesi, amekuja kusalimia tu, ila kuna mbuzi wa shemeji yake amekula maharage.

Mimi mazoea yalinitesa. Mnajua kwamba mwisho wa kila hukumu tunawaeleza wahusika haki yao ya kukata rufaa, na tunaandika kwamba tumewaeleza. Nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono, kwa karatasi ya kaboni chini yake, hadi kidole cha kati kikaota sugu. Ninyi mnabonyeza mashine, sugu zenu zitaota mahali pengine. Basi nilipostaafu, wajukuu wakigombania kiti cha karibu na moto, naamua kwamba leo akae mdogo, kisha mdomo wenyewe unamalizia: "Haki ya kukata rufaa imeelezwa." Nao wanakwenda moja kwa moja jikoni kwa bibi yao kukata rufaa. Na bibi yao hutengua hukumu zangu karibu zote.

Lakini kabla sijawaeleza mgomba uliotembea, lazima niwaambie juu ya Mzee Byabato, kwa sababu bila yeye mgomba ule ungenishinda.

Byabato alikuwa mzee wa baraza katika kituo changu cha kwanza, upande wa Nyabiyonza. Wazee wa baraza ni wale raia wanaokaa pamoja na hakimu wa mahakama ya mwanzo, na katika siku zangu kura zao zilihesabika kama kura yangu. Maana yake ni kwamba walio wawili wakikubaliana, hakimu anashindwa ndani ya mahakama yake mwenyewe, kisha anaandika na kutia sahihi uamuzi asioupenda. Ilinitokea mapema. Nilikwenda nyumbani nimenuna. Kesho yake Byabato akanipitia asubuhi, akaniuliza kama nilisali jana usiku. Nikasema nilisali. Akasema basi ningemwomba Mungu anipunguzie hasira na aniongezee masikio, kwa maana shahidi wa tatu aliongea Kinyambo, lugha yetu wenyewe, na mimi nilimsikiliza mkalimani peke yake.

Alikuwa katekista Mkatoliki, msomaji mzuri, na utani wetu haukuisha. Alipenda kusema, "Ninyi Walutheri mnaimba sana mpaka mnasahau kusali." Nami nilimjibu kwamba wao wanapiga magoti sana mpaka wanasahau kusimama. Mungu amlaze pema. Nilipobaki nimekaa siku ile ya mirathi, nilimkumbuka yeye kwanza.

Sasa sikilizeni alivyonifundisha. Waliletwa watu wawili wanaogombania mtumbwi wa pombe, ule mti uliochongwa ambao ndizi mbivu hukanyagwa ndani yake hadi zitoe juisi. Mlalamikaji anasema umeibwa kwake. Mshtakiwa anasema ni wa baba yake. Kila mmoja ana mashahidi, kila mmoja ameapa, kila mmoja anatoa machozi ya kutosha. Mimi nikauliza yale ya shuleni: uliupata lini, kwa nani, una uthibitisho gani. Wakanijibu vizuri wote wawili, mpaka nikaanza kuamini kwamba kuna mitumbwi miwili.

Byabato akaomba ruhusa. Akamuuliza mshtakiwa kitu kimoja: ukikanyaga ndizi, unasimama wapi? Yule akajibu bila wasiwasi kwamba anasimama katikati, kama watu wote. Akamuuliza mlalamikaji.

"Katikati, waitu?" mlalamikaji akashangaa, akitumia neno letu la heshima kwa mzee. "Hapo kuna ufa. Ukikanyaga katikati, pombe yote inanywewa na ardhi. Mimi nasimama upande wa kichwani, na ufa nauziba kwa majani."

Tukatoka wote nje ulikowekwa mtumbwi, tukamimina maji katikati yake. Ardhi ikanywa.

Njiani kurudi, Byabato akaniambia neno ambalo nawapeni leo bure: "Ukimuuliza mtu haki yake, atakuhubiria. Muulize mikono yake imefanya nini. Mikono haijui kuhubiri."

Basi, nilipostaafu nilirudi hapa Kihanga kwenye kibanja cha baba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa kama mnavyoyajua, nikidhani nitapalilia na kuimba kwaya ya wazee. Haukupita muda baraza la kata likaniomba nijiunge nao. Mwenyekiti ni Ma Leokadia, mkunga mstaafu. Nusu ya wanaogombana katika kata hii aliwapokea yeye walipozaliwa, kwa hiyo hawamtishi kitu.

Mnajua sheria ya mabaraza ya kata ilivyobadilika. Zamani yalikuwa yanaamua migogoro ya ardhi. Sasa hayaamui, yanasuluhisha tu. Wahusika wasipopatana katika muda uliowekwa, baraza linaandika hivyo na wao wanakwenda baraza la ardhi la wilaya. Hebu fikirini: hakimu asiye na mamlaka tena, amekaa katika baraza lisilo na mamlaka tena. Mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Kikao cha kwanza niliharibu. Mama mmoja alipoanza kuongea kabla ya zamu yake, nikamwambia anyamaze mpaka atakapoulizwa. Ma Leokadia akanigusa mkono. "Hakimu," akasema, kwa maana hapa wote wananiita hivyo hata sasa, "hapa hatunyamazishi. Hapa tunawaacha waseme mpaka wachoke. Ni kama uchungu wa kuzaa, ukimwambia mama asipige kelele utamchelewesha tu." Nikanyamaza mimi. Ilikuwa zoezi gumu kuliko mtihani wowote wa chuo.

Ndipo ukaja mgogoro wa Ma Ansila na Ta Felisiani; kwetu Ma ni mama, na Ta ni baba.

Hawa ni majirani. Ma Ansila ni mjane wa Ta Petro, na kibanja chake kiko upande wa juu wa mteremko. Felisiani yuko chini yake. Petro na Felisiani walikuwa marafiki tangu ujana, na walipopewa mashamba yao na wazee, waliambiwa wapande mlamula mpakani. Mlamula ndio alama yetu ya mpaka. Haufi kirahisi, hauhami, na mtu anayeung'oa anajulikana. Wale vijana wakakataa. Walisema mlamula ni wa watu wanaoshukiana, wao watapanda mgomba mpakani, na mkungu wake watakula kwa zamu, msimu huu nyumba hii, msimu ujao nyumba ile. Na ndivyo walivyofanya hadi uzee. Watu wa hapa waliutaja urafiki ule kwa mfano.

Petro akafariki, akazikwa ndani ya kibanja chake, karibu na mpaka, upande wa juu wa mgomba ule. Ma Ansila akasema pale pembeni mwa mume wake ndipo atakapolala yeye. Alisema hivyo kila mwaka na kila mtu alijua.

Miaka ikapita. Kijiji kikaanza kupima ardhi ili watu wapate hati za kimila. Vijana wa upimaji wanataka majirani wasimame mpakani, wakubaliane, ndipo wapime. Watoto wa Felisiani wakaenda wakasimama kwenye mgomba, kwa sababu tangu wazaliwe wameambiwa mgomba ndio mpaka. Na mgomba sasa ulikuwa upande wa juu wa kaburi. Ukivuta kamba kutoka pale, kaburi la Petro linabaki shambani kwa Felisiani, na pale pembeni yake pia.

Ma Ansila alipoona kamba, alikaa chini. Kisha akasimama akasema maneno mbele ya wapimaji, mbele ya watoto wa watu: kwamba mgomba ulikuwa upande wa chini wa kaburi, na huu ulio upande wa juu sasa umehamishwa, na mtu anayeng'oa mgomba wa mpakani na kuupanda upya ni mwizi. Felisiani akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajawahi kuung'oa mgomba ule hata siku moja. Tangu hapo hawakuamkiana. Wake wa watoto wa Felisiani wakaacha kupita kwa Ma Ansila kuchota maji. Kanisani kwao, misa ya Jumapili, mmoja akikaa kulia mwingine anakwenda kushoto. Na Ma Ansila alikuwa na miaka mingi na mgongo uliopinda, na alikuwa na swali moja tu: nitalala wapi?

Tuliwasikiliza ofisini, wakasema mpaka wakachoka, kama Ma Leokadia anavyotaka. Hawakupatana. Mashahidi wa Ma Ansila walisema kweli mgomba ulikuwa chini. Mashahidi wa Felisiani walisema kweli hakuna aliyeuona ukihamishwa. Mimi nikiwatazama wote nikajua, kwa jinsi unavyojua baada ya kukaa kwenye kiti kile muda mrefu, kwamba hakuna hata mmoja anayedanganya. Hilo ndilo linalomtisha hakimu. Mwongo unajua umfanye nini.

Ikabidi twende shambani. Siku ile ilinyesha manyunyu asubuhi, kisha jua likatoka. Tukasimama karibu na kaburi, Ma Leokadia, wajumbe wengine, wahusika, na watoto wao nyuma. Felisiani alikuwa amevaa koti la harusi za zamani, kama mtu aliyekuja kuhukumiwa rasmi.

"Hakimu," akaniambia, "tumezunguka sana. Wewe sheria unaijua. Sema neno moja tu, tuondoke."

Ma Ansila naye akaegemea fimbo yake. "Ndiyo. Sema. Ukisema ni kwake, nitawaambia wanangu wanitafutie mahali pengine. Ukisema ni kwangu, nitakwenda kupika. Lakini sema, baba, nimechoka kusimama."

Wanangu, nawaambieni, kiti kile nilichokiacha Nkwenda kilinijia shambani kwa miguu yake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Watu wote wanakutazama, wako tayari kutii, na wewe unajua kuamua, ndiyo kazi uliyoifanya maisha yako yote. Lakini sheria ilikwisha kusema kwamba neno langu si hukumu. Ningelisema, mmoja angeondoka na furaha, mwingine angeondoka na rufaa, na kaburi la Petro lingeanza safari ya kwenda wilayani. Hata Bwana wetu alipoombwa na mtu awagawanyie urithi yeye na ndugu yake, alikataa kuwa mwamuzi wao. Ma Leokadia alikuwa ananiangalia tu, mikono nyuma, kama anavyomwangalia mama anayetaka kusukuma kabla ya wakati.

Nikameza neno langu. Likashuka kwa shida. Nikamkumbuka Byabato na mtumbwi wake.

Nikasema, "Mimi sina la kusema. Ila nataka kujua habari za mgomba huu. Tangu Petro alale, nani amekuwa akiupunguza machipukizi?"

Kwa wale mliokulia mjini: mgomba mmoja haukai peke yake. Una mama, mtoto na mjukuu, na pembeni yanazuka machipukizi mengi, nayo lazima yapunguzwe, ubakize moja la kushika nafasi. Mama akishazaa mkungu anakatwa, na mtoto anakuwa mama.

Aliyejibu ni Ma Ansila. "Yeye," akasema, akimwonyesha Felisiani kwa kidevu. "Mimi mgongo ulikataa kuinama tangu mwaka ule wa msiba. Alikuwa anakuja kila msimu, anapalilia kwake, akimaliza anapandisha mteremko kuja kwangu. Hata kahawa alinikatia matawi. Hilo sikatai. Nakataa wizi."

"Mimi sio mwizi," Felisiani akasema.

"Ta Felisiani," nikamwambia, "kwenye mgomba huu ulikuwa unabakiza chipukizi la upande gani?"

"La juu," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "La chini halishiki. Mvua inaosha udongo, mkungu ukiwa mzito unalala. Siku zote bakiza la juu. Ni Petro mwenyewe aliyenionyesha, kabla ya yeye mimi nilikuwa..."

Akaacha hapo.

Felisiani akauangalia mgomba, akaangalia chini ya mteremko, akaangalia tena mgomba. Mtu akibakiza chipukizi la juu, msimu ujao mgomba umepanda hatua ya kuku. Kila anayelima hapa anajua kwamba mgomba hutembea, hata mtoto anajua. Lakini kitu unachokiona kila siku hukioni kikienda.

Akaanza kushuka. Hakutuaga. Alikwenda taratibu, akiinama mahali, akitaja peke yake mikungu iliyokatwa: huu tuliula harusi ya binti, huu ulikuwa zamu ya Ansila, huu uliliwa na upepo. Akapita kaburi. Akaendelea kidogo chini yake, akasimama, akasugua ardhi kwa kisigino cha kiatu.

"Ulikuwa hapa," akasema.

Mmoja wa watoto wake alitaka kumwambia kitu, yeye akainua mkono kumkataza. Kisha akageuka kwa Ma Ansila, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko koti lake.

"Ma, ni mimi niliyeuhamisha. Lakini sikuuhamisha. Nilikuwa nakupalilia."

Ma Ansila alitazama kaburi, akatazama mahali Felisiani aliposimama, kisha akaanza kutikisika mabega. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nami nimekuita mwizi mbele ya wanao," akasema. "Mwizi gani huyu anayekuja na jembe lake, anapalilia, anaiba hatua moja ya kuku kwa msimu, halafu mkungu anamletea mwenye shamba mlangoni?"

"Nisamehe, Ma."

"Nisamehe wewe kwanza. Kosa langu lilikuwa na mdomo, lako halikuwa na habari."

Sikusema neno hata moja baada ya hapo hadi wakati wa kutia sahihi, na ni kikao kizuri kuliko vyote nilivyopata kukaa. Felisiani mwenyewe alikwenda kukata matawi ya mlamula kwenye ua wa Ma Leokadia, akayapanda pale alipopasugua kwa kisigino, na mengine kufuata mstari. Ma Ansila alimwambia kwamba Petro atakuwa anawacheka huko aliko, walikataa mlamula wakiwa na nguvu wakaupanda wakiwa na magongo. Makubaliano yakaandikwa, wakatia sahihi na dole gumba. Wapimaji wakaitwa, kamba ikapita upande wa chini wa kaburi.

Karatasi ilipofika kwangu nami nikatia sahihi kama mjumbe, nikafunga kalamu, na mdomo ukasema wenyewe, "Haki ya kukata rufaa imeelezwa."

"Hakimu," Ma Leokadia akasema, "hapa hakuna rufaa. Hapa kuna chai."

Tukanywa chai kwa Ma Ansila. Kabla ya chai alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, kama anavyopokelewa mgeni wa heshima kwetu. Akampitishia Felisiani kabla ya sisi wote.

Kuna jambo moja lilibaki. Mgomba wenyewe sasa uko ndani ya shamba la Ma Ansila, na wajumbe walitaka kujua wa nani. Wenyewe walishangaa kuulizwa. Mkungu ni wa zamu, kama zamani. Na anayeupunguza machipukizi ni Felisiani, kama zamani, isipokuwa sasa anabakiza chipukizi la chini. Anaweka miti ya kuuegemeza ili usilale. Ukimuuliza anafanya nini, anasema anaurudisha kwao taratibu, na kama Mungu akimpa umri, watafika.

Kwa hiyo, wanangu, mkiniuliza sheria inamwachia nini hakimu aliyestaafu, nawajibu kwamba inamwachia maswali. Majibu inawapa ninyi, na ni haki yenu, mmeapa kwa ajili hiyo. Hukumuni bila woga. Lakini anzeni kujizoeza kuuliza juu ya mikono ya watu mngali kazini, maana siku mtakapokabidhi ofisi, hicho ndicho mtakachoondoka nacho. Na mwito ukiitwa mahakamani, mkumbuke kusimama. Mimi sasa nasimama hata redio ikiita.

Ma Ansila bado yupo. Misa yao ikiisha kabla ya ibada yetu, tunakutana njia panda kila Jumapili, yeye ameshikwa mkono na mke wa mmoja wa watoto wa Felisiani. Ninamsalimu, ninamuuliza kama ameridhika na mahali pake.

"Kiwanja ninacho, Hakimu," ananijibu. "Ila sina haraka ya kujenga."